Magari ya zilizopendwa: Pa kuyaona ukiwa Mombasa, na jinsi ya kulipa bila kulizwa

Muziki wa zamani tumeupa jina tamu: zilizopendwa. Magari ya zamani hayajapata jina kama hilo, lakini mapenzi ni yale yale. Peugeot 404 ikipita Moi Avenue chini ya zile Pembe za Ndovu, madereva wa tuktuk hugeuza shingo, wazee hutabasamu, na vijana hutoa simu wapige picha. Baada ya picha huja maswali mawili. Haya magari huonyeshwa wapi? Na nikitaka tiketi, au nikitaka kulikodi kwa harusi, au hata kulinunua, nitalipaje bila pesa zangu kupotea?

Leo tunajibu yote mawili. Kwanza pa kuyaona, halafu mfuko wako.

Onyesho kongwe: Ngong Racecourse, Nairobi

Ukiuliza wapenda magari wa Kenya onyesho lenyewe hasa ni lipi, wengi watakutajia Africa Concours d'Elegance. Lilianza mwaka 1970, na huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Hufanyika Ngong Racecourse jijini Nairobi, kwa kawaida Jumapili moja ya mwishoni mwa Septemba.

Hapa hakuna mbio. Magari na pikipiki hupangwa uwanjani, kisha majaji huyapitia moja moja. Wanatazama rangi, viti, injini, hata chini ya gari. Gari linaweza kung'aa juu kama sufuria ya harusi, lakini likiwa na matope chini ya madigadi, alama zinakwenda. Ndiyo maana utaona mwenye gari amelala chali kwenye nyasi na mswaki mkononi, akisugua mahali ambapo wewe na mimi tusingefikiria kuangalia. Familia huja na watoto, muziki unapigwa, watu wanavaa kofia na nguo za enzi zile. Kwa mtu anayetafuta hali ya zamani, hapo ndipo penyewe.

Kutoka Mombasa safari yenyewe si ngumu. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, huondoka kituo cha Miritini hadi Syokimau. Unaweza kukata tiketi kwa simu kupitia *639# na kulipa hapo hapo. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500, kwenda tu. Kwa hiyo ukienda na kurudi daraja la kawaida, weka 3,000 kando kabla ya kufikiria kiingilio, chakula na gari la kutoka stesheni. Treni hujaa wikendi, basi usingoje wiki ya mwisho.

Onyesho linalotembea: Safari Classic

La pili halikai uwanjani. Ni East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Mwaka huo haukuchaguliwa ovyo: ulikuwa miaka 50 tangu Safari Rally ya kwanza ya 1953, iliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mara kadhaa Safari Classic imeanzia au kumalizikia hapa hapa Mombasa. Siku hizo unayaona magari yamepangwa kabla ya kuondoka, mafundi wakikaza nati za mwisho, na madereva wakipiga gumzo na watu.

Majina makubwa yamepita hapo. Björn Waldegård wa Uswidi alishinda 2007 na 2011. Ian Duncan wa hapa Kenya alishinda 2009 kwa Ford Mustang, na tena 2013 kwa Ford Capri. Stig Blomqvist, naye wa Uswidi, alichukua ushindi wa 2015.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini mzee wako humsifu Peugeot kama anayemsifu mjomba wake, sababu iko kwenye Safari ya zamani. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda 1975 na 1978. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akashinda mara 5. Kwa miaka mingi mbio hizi zilikuwa za Pasaka, na watu walikaa kando ya barabara usiku kucha wakisubiri taa. Gari lililoshinda kwenye matope ndilo lililoaminiwa kubeba abiria: Peugeot za safari ndefu zilijaza watu na mizigo nchi nzima.

Zingatia hili: kusimama kando ya barabara ya umma kutazama rali hakuna tiketi. Mtu akikutumia ujumbe kwamba ulipe "kiti cha kutazamia" barabarani, huyo anakutafuta wewe, hatafuti watazamaji.

Na kisiwani kwetu?

Ukweli ni kwamba vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kabla ya motokaa. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596. Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita ni "njia kuu", ilikuwa kuu kwa watu wa miguu, punda na mikokoteni. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla gari halijawa jambo la kawaida, wenye uwezo kisiwani walipanda troli: vibehewa vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu. Kwa hiyo usitarajie magari 100 yapangwe mbele ya misikiti ya Mji wa Kale. Hayataenea.

Huku kwetu magari ya zamani unayapata kwa kutafuta, na mahali pa kutafuta ni hapa:

*Harusini.* Gari la zamani lililopambwa maua ndilo onyesho la bure. Muulize dereva kwa adabu gari ni la nani na kama mwenyewe hulikodisha. Anayekodisha harusi moja kwa kawaida anawajua wengine.

*Gereji za mafundi wazee.* Fundi anayejua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza tu mlio anajua pia Beetle gani iko nyuma ya nyumba gani. Nenda na maswali, na umnunulie kahawa tungu. Kuuliza si ujinga.

*Maduka ya spea.* Anayetafuta vioo vya taa vya Peugeot 504 lazima apite huko. Acha nambari yako.

*Kurasa za vilabu.* Tarehe za maonyesho na safari za pamoja hutangazwa na waandalizi wenyewe mtandaoni. Fuata ukurasa wa mwandalizi. Picha ya tangazo iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp inaweza kuwa ya mwaka juzi.

Ukishampata mwenye gari na mnataka picha zenye hali ya zamani, chagueni mahali penye nafasi: Treasury Square, uwanja wa mbele ya Fort Jesus, au Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019. Nendeni asubuhi, jua halijawa kali na watu hawajajaa. Kama redio ya gari bado inafanya kazi, wekeni Juma Bhalo. Baadaye acheni gari hapo, mwingie Mji wa Kale kwa miguu, mle mahamri na mbaazi. Mkitaka kuingia Fort Jesus, kiingilio cha Makumbusho ya Taifa hulipwa kupitia eCitizen, basi hakikisha simu ina chaji.

Tiketi: lipa mwandalizi, usilipe picha

Sasa tuje kwenye mfuko. Maonyesho haya ni machache kwa mwaka, na uchache ndio chambo cha matapeli. Wanachukua tangazo la kweli, wanafuta nambari ya malipo, wanaweka yao, kisha wanaandika "zimebaki 20 tu".

Kabla ya kubonyeza PIN, fanya haya:

1. Pata nambari ya malipo kutoka ukurasa wa mwandalizi mwenyewe. Usiitoe kwenye tangazo ulilotumiwa.
2. Tazama ni nambari ya aina gani. Tamasha kubwa hutumia Paybill au Till ya biashara. Ukiambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, simama kwanza, piga simu uulize.
3. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Hizo sekunde chache ndizo zenye thamani kuliko zote. Jina likiwa geni kwako, ghairi.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ile kodi ya herufi na nambari ndiyo risiti yako mlangoni.
5. Usiweke picha ya tiketi kwenye status kabla ya siku yenyewe. Msimbo wake ukinakiliwa, mwingine ataingia nao wewe ukiwa bado kwenye foleni.

Kukodi kwa harusi: arubuni ina masharti

Tuseme umepata gari la zamani la kumbeba bibi harusi, na mmekubaliana shilingi 20,000. Mwenye gari anataka arubuni, na ni haki yake, kwa sababu siku hiyo hatalikodisha kwa mwingine. Lakini arubuni bila maelezo ni zawadi.

Toa sehemu, kwa mfano 5,000, baada ya kuliona gari likiwaka na kutembea. Kisha mtumie ujumbe wa maandishi wenye mambo haya: tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, nani dereva, nani anaweka mafuta, na gari likiharibika asubuhi ya harusi arubuni inarudi au linaletwa jingine. Akijibu "sawa", hayo ndiyo makubaliano yenu, yanakaa pamoja na ujumbe wa malipo. Salio lilipwe gari likishafika.

Kwa harusi za Mji wa Kale ongeza jambo moja: gari litasimama wapi? Kama nyumba iko ndani ya kichochoro, bibi harusi atatembea hadi barabara pana. Patajeni mahali hapo kwa jina, la sivyo dereva atakuwa upande mmoja na arusi upande mwingine, na saa za kukodi zinahesabika.

Kununua: hapa ndipo watu hulia

Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo magari mengi ya zamani unayoyaona yamezeekea hapa hapa. Hiyo ni habari njema, kwa sababu historia yake iko nchini na inaweza kufuatiliwa. Ni habari mbaya pia, kwa sababu magari haya mara nyingi yana jambo moja ambalo picha haionyeshi: logibuku iko kwa jina la marehemu.

Fikiria Peugeot ya babu. Babu amefariki, gari limekaa chini ya mwembe miaka 15. Mjukuu mmoja analipiga picha, analiweka mtandaoni kwa shilingi 150,000, na anakuomba 30,000 "ulishikilie". Anaweza kuwa mkweli kabisa, na gari ni la familia yao kweli. Lakini si lake peke yake. Mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi, au kwa familia ya Kiislamu jambo lifike kwa Kadhi, hakuna mmoja wa warithi anayeweza kukuhamishia gari hilo. Ukilipa leo, kesho shangazi atakuja na kusema hakushirikishwa, na atakuwa na haki. Wewe utabaki na gari lisilo na karatasi, au karatasi zisizo na gari. Na mjukuu ameshatumia ile 30,000.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

*Liangalie mchana.* Pwani tuna chumvi hewani, na chumvi inakula chuma. Inua mazulia, tazama sakafu, chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Beba sumaku ndogo: pale isiponata kwenye bodi ya chuma, chini ya rangi kuna puti. Rahisi ni ghali, hasa kwa gari lililopakwa rangi wiki jana.

*Soma pleti.* Pleti za mtindo wa KAA 001A, zenye herufi mwishoni, zilianza mwishoni mwa miaka ya 80. Gari lenye K na herufi mbili, kisha nambari, bila herufi ya mwisho, lilisajiliwa kabla ya hapo. Ukiambiwa gari ni la 1968 na halijawahi kutoka Kenya, lakini pleti ina herufi mwishoni, uliza kwa nini. Huenda kuna maelezo mazuri. Yasikie kabla ya kulipa.

*Linganisha nambari.* Nambari ya chesisi na ya injini zifanane na zilizo kwenye logibuku. Kisha omba rekodi ya gari kupitia NTSA kwenye eCitizen. Malipo ya serikali huenda kwa Paybill 222222. Mtu akikuambia "nitumie mimi nikufanyie utafutaji", mshukuru, halafu ufanye mwenyewe.

*Jina la pesa liwe jina la logibuku.* Kama logibuku inasema jina moja na simu inaonyesha jina jingine, usitume. Kama mwenyewe amefariki, ona hati ya msimamizi wa mirathi na umlipe huyo aliyetajwa.

*Jua mipaka.* Kwa M-Pesa, kwa mfano, huwezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Bei ikipita hapo, tumieni benki. Usikubali kugawanya pesa kwa nambari tatu za watu watatu "ili ziingie haraka". Haraka haraka haina baraka.

Na wewe unayeuza?

Tusisahau upande wa pili. Mzee anayeuza gari lake la miaka 40 naye huibiwa. Ujumbe unaingia: "umepokea 180,000". Mnunuzi ana haraka, kondoo wa safari wako njiani, funguo tafadhali. Kumbe ujumbe umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu.

Usiamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu ya simu, kwa utulivu, hata mnunuzi akikunja uso. Na usitoe gari wala kusaini chochote mnunuzi akiwa bado "anangojea mtandao".

Mnunuzi mwingine hulipa kweli, kisha akishaondoka na gari huomba pesa zirudishwe akidai alikosea nambari. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi yenye jina lake, nambari ya kitambulisho na kodi ya malipo yanakulinda. Ukipigiwa simu kuhusu ombi la kurudisha, eleza kwamba ni malipo ya gari na useme ushahidi unao.

Pesa zikienda kombo

Ukikosea nambari, usingoje hata dakika tano. Kwa M-Pesa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456 uombe pesa zirudishwe. Aliyezipokea akiwa ameshazitoa, kuzirudisha kunakuwa kazi ngumu. Ujue pia kwamba huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Kama ulimtumia tapeli kwa hiari yako, hilo ni jambo la polisi: nenda kituoni na ujumbe wa malipo, picha za mazungumzo na tangazo lenyewe. Ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom unaweza kuusambaza bure kwa 333.

Na kwa wanaofufua gari pole pole, neno moja la mwisho. Usimpe fundi pesa zote mwanzoni. Mpangie hatua: bodi, kisha rangi, kisha injini, kisha viti. Kila hatua ilipwe ikikamilika, kwa simu, si mkononi. Mwisho wa mwezi vuta taarifa ya akaunti yako na uandike kando ya kila malipo yalikuwa ya nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari lenye picha za kila hatua na orodha ya malipo yake pia huuzwa kwa heshima zaidi, kwa sababu mnunuzi anaona kazi iliyofanyika chini ya rangi.

Huduma yetu haitakupigia simu kukuuliza PIN, iwe unanunua tiketi ya 1,000 au gari la 200,000. Anayeuliza, mkatie simu, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa nambari ya huduma kwa wateja unayoijua.